Ripoti Ile Ile, Hukumu Tatu

Anayetaka kujua jinsi sisi wapiga kura tunavyopima makosa ya viongozi wetu asianze kwa kulinganisha viongozi wawili. Ukiwalinganisha wawili, kila mtu atapata pa kutokea: atasema mazingira yalikuwa tofauti, atasema huyu aliiba na yule alisingiziwa, atasema wakati ule nchi ilikuwa katika hali nyingine. Ni afadhali kumchukua mtu mmoja, tuhuma moja na ripoti moja, kisha kuifuatilia kwa miaka zaidi ya 10 na kutazama, katika kila kituo, ni nani aliyekuwa akihukumu na ni nani aliyekuwa akitetea. Historia ya Tanzania imetupatia mfano huo kwa ukamilifu, nao ni hayati Edward Lowassa, aliyekuwa Waziri Mkuu, na sakata la mkataba wa umeme wa Richmond. Hadi alipofariki mwezi Februari 2024, Lowassa hakuwahi kufikishwa mahakamani kwa suala hilo, wala hakuna mahakama iliyowahi kusema kwamba ana hatia. Sina nia ya kumhukumu mtu ambaye hawezi tena kujibu. Ninaotaka kuwazungumzia ni sisi tuliokuwa uwanjani, vijiweni na sebuleni tukimhukumu na kumsafisha kwa zamu.

Walio vijana leo huenda hawakumbuki mgawo wa umeme wa mwaka 2006. Ukame ulikuwa umeyakausha mabwawa, Mtera likiwemo, na nchi iliyotegemea sana umeme wa maji ikajikuta gizani kwa saa nyingi kila siku. Saluni zilifungwa, mashine za kusaga zikasimama, mafundi wa kuchomelea wakakaa barazani wakisubiri umeme urudi. Katika hali hiyo ya dharura ndipo kampuni ya Richmond ilipopewa mkataba wa kuzalisha megawati 100. Mitambo haikufika kwa wakati uliokubaliwa, na mkataba ukahamishiwa kampuni nyingine, Dowans. Bunge liliunda kamati teule chini ya uenyekiti wa Dk. Harrison Mwakyembe, na ripoti yake iliposomwa Dodoma mapema Februari 2008, ilieleza kwamba Richmond haikuwa na uwezo wala uzoefu wa kazi iliyopewa, na ikaihusisha ofisi ya Waziri Mkuu na shinikizo lililowezesha kampuni hiyo kupata zabuni. Tarehe 7 Februari Lowassa alitangaza bungeni kujiuzulu, huku akilalamika kwamba kamati haikumhoji. Mawaziri wawili, Nazir Karamagi na Dk. Ibrahim Msabaha, nao wakaondoka, na Rais Jakaya Kikwete akalivunja Baraza la Mawaziri.

Miezi michache kabla ya hapo, tarehe 15 Septemba 2007, Dk. Willibrod Slaa, Katibu Mkuu wa chama cha upinzani cha Chadema, alikuwa amesimama katika viwanja vya Mwembeyanga, Temeke, akasoma majina 11 ya watu ambao chama chake kiliwatuhumu kwa ufisadi. Jina la Lowassa lilikuwamo. Kwa hiyo ripoti ya Bunge ilipotoka, wafuasi wa upinzani waliipokea kama uthibitisho wa jambo walilokwisha kuambiwa, na hawakuona haja ya kingine chochote. Hakuna aliyeuliza habari ya mahakama. Hakuna aliyejali kwamba mtuhumiwa alisema hakuhojiwa. Ripoti ilitosha, na kujiuzulu kwenyewe kulichukuliwa kuwa ni kukiri.

Upande wa pili, nao ulikuwa na watu wengi kuliko inavyokumbukwa leo, ulisema kinyume chake kabisa. Nilikuwa na mjomba wangu, kada wa siku nyingi wa chama tawala, CCM, aliyeweza kuichambua ripoti ile kwa saa nzima akionyesha mapengo yake. Alisema kamati ya Bunge haina mamlaka ya kumtia mtu hatiani, kwamba mtu hahukumiwi bila kusikilizwa, kwamba Waziri Mkuu alibebeshwa mzigo wa serikali nzima, na kwamba kama kweli kulikuwa na wizi basi wenye ushahidi waende mahakamani. Hoja hizo si za kipuuzi, na ningependa msomaji azikumbuke vizuri kwa sababu tutakutana nazo tena zikitoka katika vinywa vingine.

Mwaka 2010 wananchi wa Monduli walimrudisha Lowassa bungeni. Mwaka 2011 CCM ilianza kuzungumzia kujivua gamba, yaani kuwaondoa viongozi wake wenye tuhuma, na ingawa chama hakikuwa kikitaja majina hadharani kila mara, kila mtu alijua magamba ni akina nani. Rostam Aziz aliuachia ubunge wa Igunga mwaka huo huo. Lowassa alibaki. Tena hakubaki pembeni, kwani alijenga mtandao ndani ya chama ambao, alipozindua safari yake ya kuutafuta urais jijini Arusha mwezi Mei 2015, ulijaza uwanja wa Sheikh Amri Abeid. Hadi mwezi Julai mwaka ule, sehemu kubwa ya CCM ilikuwa tayari kumfanya mgombea wake. Kamati Kuu ilipolikata jina lake, wajumbe watatu walijitenga hadharani na uamuzi huo, na katika kikao cha Halmashauri Kuu wajumbe waliimba kwamba wana imani na Lowassa mbele ya mwenyekiti wao. Watu hawa wote walikuwa wameisikia ripoti ya mwaka 2008.

Tarehe 28 Julai 2015 Lowassa akahamia Chadema, na wiki iliyofuata akawa mgombea urais wa chama hicho akiungwa mkono na vyama vya UKAWA, muungano wa upinzani. Ninayoyaeleza sasa niliyaona kwa macho yangu, na wengi wenu mliyaona. Katika muda usiozidi mwezi mmoja, watu wale wale walibadilishana maneno. Vijana waliokuwa wakiyajua majina ya Mwembeyanga kwa moyo wakaanza kuuliza: kama ni fisadi, mbona hawakumshtaki? Serikali si yao? Polisi si wao? Mtu atahukumiwaje bila kuhojiwa? Lowassa mwenyewe alisema alitaka mkataba uvunjwe lakini maelekezo ya ngazi ya juu yakamzuia, na wafuasi wake wapya wakalibeba neno hilo kama ushahidi uliofunga mjadala. Upande wa CCM, watu waliokuwa wamechanga fedha, wamechapisha fulana na kuimba kwa ajili yake mwezi Julai, mwezi Septemba walikuwa majukwaani wakiwaambia wananchi wasimpe nchi fisadi. Binamu yangu alimuuliza mjomba, kwa adabu zote: “Mjomba, leo ndiyo umeikumbuka ripoti ya Mwakyembe?” Mzee hakujibu. Aliomba chai. Lakini na yeye binamu, aliyekuwa na kadi ya Chadema tangu akiwa chuo, alikuwa ameanza kuisahau ripoti hiyo hiyo wiki chache tu zilizopita.

Wengi hueleza mambo haya kwa kusema kwamba wapiga kura hawana taarifa, au wamenunuliwa kwa kanga na pilau, au hawana kumbukumbu. Sikubaliani nao. Katika mfano huu kila mtu alikuwa na taarifa. Ripoti ilisomwa bungeni na kurushwa hewani, magazeti yaliichapisha, na watu walioigeuza kauli yao ndio hasa waliokuwa wakiijua kwa undani. Wala si kwamba maadili yao yalibadilika, kwa maana mwaka 2008 na mwaka 2015 pande zote mbili zilikuwa zikisema wizi wa mali ya umma ni dhambi kubwa. Kilichobadilika ni kiasi cha ushahidi ambacho mtu alikitaka ndipo aamini. Kwa mpinzani wetu, tetesi ni nusu ya ushahidi na ripoti ni hukumu kamili. Kwa mtu wetu, ripoti ni tetesi, kujiuzulu ni uungwana, na hata kukosekana kwa kesi kunakuwa ushahidi kwamba amesafishika. Ndiyo maana upendeleo huu ni mgumu kuuona ndani ya nafsi. Anayeufanya hajioni kuwa anatetea wizi. Anajiona kuwa ni mtu makini anayedai haki itendeke, na kwa kweli kila sentensi anayoitamka, ukiipima peke yake, ni sahihi. Ubaya wake unaonekana pale tu unapomuuliza kama aliidai haki hiyo kwa yule wa upande wa pili.

Nataka pia kuwatendea haki waliompigia kura Lowassa mwaka ule, ambao kwa hesabu ya Tume ya Taifa ya Uchaguzi walikuwa 6,072,848, sawa na asilimia 39.97. Si wote waliojidanganya. Kulikuwa na mzee mmoja mtaani kwetu, fundi cherehani, aliyeniambia kwamba hana hakika kama Lowassa ni safi, na kwamba moyoni anadhani hakuwa safi, lakini anaona chama kilichokaa madarakani tangu uhuru kinapaswa kuondoka hata kwa gharama hiyo, kwa sababu nchi isiyoweza kubadilisha chama kinachotawala haitaweza kamwe kumwajibisha mtu yeyote. Unaweza kuikataa hesabu yake, lakini haikuwa na uongo ndani yake. Aliiacha tuhuma mahali pake, akaweka kitu kingine upande wa pili wa mizani, akapima. Hapo ndipo ninapouona mpaka, tena naona ni mpaka muhimu sana. Mpiga kura ana haki ya kusema: ninajua, na hata hivyo ninamchagua. Anayefanya hivyo anabaki na uwezo wa kumdai kiongozi wake kesho. Anayesema hakuna kilichotokea, ili tu aweze kumchagua bila dhamiri kumsumbua, ameshautupa uwezo huo kabla hata ya kufika kwenye kituo cha kupigia kura.

Wachache walikataa kuibadilisha mizani hadharani, na walilipa gharama. Profesa Ibrahim Lipumba alijiuzulu uenyekiti wa CUF, kimoja cha vyama vya UKAWA, mwanzoni mwa Agosti 2015. Dk. Slaa, ambaye mwaka 2010 alikuwa mgombea urais wa Chadema na kupata zaidi ya kura milioni 2, alitangaza tarehe 1 Septemba kwamba anaachana na siasa za vyama, akaeleza kwamba hawezi kumnadi mtu ambaye yeye mwenyewe alimtaja. Kila mmoja wao ana historia yake baada ya hapo, na wapo wanaosema kwamba walikuwa na sababu nyingine zilizofichika. Hata kama zilikuwepo, nilishangazwa na jinsi wafuasi walivyompokea Slaa: watu waliokuwa wakimwita shujaa wa Mwembeyanga walimwita msaliti kwa kuirudia hotuba ile ile iliyompa ushujaa.

Nisionekane kuwa ninawasema wapinzani peke yao. Katika kampeni hizo hizo, CCM ilimsimamisha Dk. John Magufuli kama mtu asiye na doa, na wapinzani wakaleta suala la kuuzwa kwa nyumba za serikali katika awamu ya tatu, alipokuwa Waziri wa Ujenzi. Papo hapo makada waliokuwa wakiichukua ripoti ya Mwakyembe kama msahafu wakawa wanasheria: uamuzi ulikuwa wa Baraza la Mawaziri, taratibu zilifuatwa, hakuna aliyeshtakiwa. Na wafuasi wa Lowassa, waliokuwa wakidai hukumu ya mahakama kwa mtu wao, hawakudai hata ripoti kwa Magufuli.

Upendeleo huu uliendelea baada ya uchaguzi, na ukawagusa hata wale wanaotuletea ushahidi. Mwaka 2014, katika sakata la mabilioni yaliyochotwa katika akaunti ya Tegeta Escrow, ukaguzi maalumu wa Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali (CAG) ndio uliolipatia Bunge nguvu ya kuwawajibisha vigogo, na wananchi wa vyama vyote walimsifu CAG kama jicho la taifa. Mwaka 2019 Bunge lilipitisha azimio la kutofanya kazi na CAG Profesa Mussa Assad kwa sababu alizungumzia udhaifu wa Bunge katika mahojiano, na mwezi Novemba mwaka huo akaondolewa. Watu niliowafahamu, waliokuwa wakizinukuu ripoti za CAG kama aya wakati wa Escrow, walisema Profesa amekosa nidhamu. Ukaguzi ulikuwa mtakatifu pale tu ulipomgusa mtu ambaye walikwisha kumchoka. Rais Magufuli alikuwa mkali kwa wezi wa mali ya umma, hilo nalikubali, na ahadi ya mahakama ya mafisadi ilitekelezwa mwaka 2016 kwa kuanzishwa divisheni maalumu ya Mahakama Kuu. Lakini wengi wetu tulikubali kwamba ukali dhidi ya wizi unafuta makosa ya aina nyingine, kana kwamba kuzuia mikutano ya hadhara ya vyama halali si kosa la kiongozi.

Majimboni mambo ni wazi zaidi, kwa sababu kule hakuna hata haja ya kujificha nyuma ya hoja za kisheria. Andrew Chenge alijiuzulu uwaziri mwaka 2008 baada ya habari za fedha zake zilizokuwa Jersey, fedha ambazo alizipa jina la vijisenti, na likabaki katika lugha yetu. Wananchi wa Bariadi walimchagua mwaka 2010 na tena mwaka 2015, mwaka mmoja tu baada ya jina lake kutajwa katika Escrow. Profesa Anna Tibaijuka aliondolewa uwaziri mwezi Desemba 2014 kwa sababu ya shilingi bilioni 1.6 alizopokea katika sakata hilo hilo, ambazo alisisitiza kuwa ni mchango halali kwa ajili ya shule, na wananchi wa Muleba Kusini wakamrudisha bungeni mwaka uliofuata. Profesa Sospeter Muhongo, aliyejiuzulu Wizara ya Nishati na Madini mwezi Januari 2015 kwa sakata hilo hilo, alichaguliwa Musoma Vijijini mwaka huo huo na kurudishwa katika wizara ile ile. Siwalaumu sana wapiga kura wa majimbo haya. Mbunge kwao ni barabara, ni zahanati, ni mtu wa kupigiwa simu mgonjwa anapokwama Muhimbili, na fedha iliyopotea Dar es Salaam haionekani kuwa imetoka mfukoni mwa mtu wa Bariadi. Hata Lowassa alikuwa na yake ya kuonyesha: maji ya Ziwa Victoria yaliyofika Kahama na Shinyanga, na shule za kata ambazo zimewasomesha watoto ambao bila hizo wasingeiona sekondari. Ninachowauliza watu hawa ni kimoja tu: je, mbunge wa jimbo la jirani naye angesamehewa kwa sababu ya shule alizojenga?

Tuliwahi kuwa na vipimo vilivyowekwa kabla ya jina la mtu kujulikana. Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilisema kiongozi asiwe na mishahara miwili, asiwe na nyumba ya kupangisha, asiwe na hisa katika kampuni. Unaweza kuyaona masharti hayo kuwa makali kupita kiasi, na mwaka 1991 kule Zanzibar chama kiliyalegeza, lakini yalikuwa na sifa moja: hayakuuliza unatoka kambi gani. Katika miaka ya 1970 Ali Hassan Mwinyi alijiuzulu uwaziri wa Mambo ya Ndani kwa sababu ya mateso na vifo vya watuhumiwa waliokuwa mikononi mwa vyombo vya dola kule Shinyanga na Mwanza. Hakuna aliyedai kwamba Mwinyi alimgusa mtu. Hakuna aliyesubiri mahakama. Aliwajibika, kisha akaaminiwa tena, na mwaka 1985 akawa Rais. Siku zile kulikuwa na nafasi kati ya kufungwa jela na kutokuwa na kosa lolote, na katika nafasi hiyo kiongozi aliweza kusimama kwa heshima. Leo tumeifuta. Tumebakiwa na fisadi na malaika, na kwa kuwa hatuwezi kukubali kwamba mtu wetu ni fisadi, inabidi awe malaika.

Tarehe 1 Machi 2019 Lowassa alirudi CCM, akapokewa katika ofisi ya chama Lumumba na Rais Magufuli, akasema amerudi nyumbani. Vinywa vikabadilishana tena. Vijana wa CCM waliokuwa wakimwita fisadi miaka mitatu iliyopita wakamwita mzee wetu, kiongozi mvumilivu. Baadhi ya wale waliozunguka nchi nzima wakiimba kwamba Lowassa ni mabadiliko na mabadiliko ni Lowassa wakaifukua Richmond. Alipofariki, serikali ilitangaza siku 5 za maombolezo na akazikwa Monduli kwa heshima zote za kitaifa, na viongozi wa vyama vyote walimsifu. Sioni ubaya katika hilo. Marehemu wetu tunawazika kwa wema, na yeye alikuwa na mema mengi ya kutajwa.

Lakini kati ya hukumu hizo tatu kuna kazi ambayo haikufanyika. Novemba 2010 baraza la usuluhishi la kimataifa liliiamuru TANESCO, shirika la umeme la taifa, iilipe Dowans fidia ya takriban shilingi bilioni 94 kwa kuuvunja mkataba uliozaliwa na ule wa Richmond. Shirika hilo ni mali ya umma, na deni lake ni la anayenunua umeme. Kabla ya Julai 2015 upinzani ulikuwa ukiuliza bila kuchoka ni nani hasa waliokuwa nyuma ya kampuni hizo, nani alishinikiza nini, na kama kweli kulikuwa na maelekezo ya ngazi ya juu, yalitoka kwa nani. Baada ya Julai 2015 upinzani haukuweza tena kuuliza kwa sauti ile ile, kwa sababu jibu lingeweza kumwangukia mgombea wake. CCM, ambayo ghafla ilikuwa na hamu ya kumwita Lowassa fisadi, haikuwa na hamu ya kulifungua jalada, kwa sababu mkataba ulisainiwa chini ya serikali yake. Na kauli ya Lowassa mwenyewe kuhusu maelekezo ya juu, ambayo katika nchi yenye mizani moja ingetosha kuanzisha uchunguzi mpya wiki ile ile, ilitumika kama wimbo wa kampeni upande mmoja na kama kichekesho upande mwingine, hadi uchaguzi ukapita na hakuna aliyeirudia.